Kibuyu Juu ya Mlingoti: Historia ya Ndege Wanaoishi Nyumba za Watu

Mnamo Februari 1810, Mskoti mmoja aitwaye Alexander Wilson aliisukuma mashua yake ndogo majini pale Pittsburgh, akaanza kuushuka mto Ohio peke yake. Kwao Paisley alikuwa mfumaji wa nguo. Marekani, alikohamia mwaka 1794, alifundisha shule, na sasa alikuwa amejitwika kazi ya kuchora na kueleza ndege wote wa nchi ile changa. Baada ya mto alipanda farasi, akapita Nashville, akaingia Natchez Trace, njia ya msituni iliyokatiza nchi za Wachickasaw na Wachoctaw hadi mji wa Natchez ulio kando ya Mississippi.

Katika kitabu kikubwa kilichotokana na safari zake, Wilson aliandika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Alieleza kwamba Wachoctaw na Wachickasaw walichagua mti mchanga ulio karibu na kibanda, wakayakata matawi ya juu na kubakiza vishina vya urefu wa futi moja au mbili. Kwenye kila kishina walining'iniza kibuyu kilichokombwa ndani na kutobolewa mlango. Mpangaji wao alikuwa mbayuwayu zambarau, ambaye alifika kila majira ya kuchipua, akalea makinda yake juu ya vichwa vya watu, kisha akaondoka. Wilson akaongeza kwamba kando ya Mississippi watu weusi nao walisimika mianzi mirefu yenye vibuyu vya namna hiyohiyo kileleni. Nchi ile ilikuwa nchi ya mashamba ya watumwa. Mtu ambaye kisheria hakumiliki hata mwili wake alimtafutia ndege nyumba.

Kibuyu chenyewe asili yake ni Afrika. Watafiti waliochunguza vinasaba vya mmea wake walieleza mwaka 2014 kwamba inaelekea matunda yalielea yenyewe juu ya Atlantiki hadi Amerika, ambako watu wameyatumia kwa takriban miaka 10,000. Kwa hiyo Mchoctaw na Mwafrika walikutana kando ya mto ule huku kila mmoja akikijua kibuyu kutoka kwa wazee wake: chombo cha maji, cha mbegu, cha mafuta, na sasa cha ndege. Naliona hili kuwa moja ya mambo mazuri sana katika historia yote ya binadamu na ndege wa porini, na linastahili kutajwa kabla ya majina ya mabwana wa Ulaya ambao kwa kawaida hupewa sifa ya kuvumbua nyumba za ndege.

Huyu mbayuwayu zambarau ndiye mkubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika Kaskazini. Dume aliyekomaa huonekana mweusi akiwa kivulini, lakini jua likimpiga mgongoni hung'aa buluu na zambarau. Chakula chake ni wadudu warukao, naye huwadaka hewani. Hawezi kujichimbia tundu; mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kabla ya vibuyu alitegemea matundu yaliyoachwa na vigong'ota katika miti mikavu, na matundu hayo hayakuwa mengi, wala hayakuwa salama dhidi ya nyoka na wanyama wapandao miti.

Watu nao walipata faida yao. John Lawson, mpimaji wa ardhi huko Carolina, aliandika mwaka 1709 kwamba walowezi walimwekea ndege huyu vibuyu kwa makusudi, kwa kuwa ni mkali na huwafukuza kunguru mashambani. Mark Catesby, aliyefuata nyayo zake katika pwani hiyohiyo, alieleza vilevile kwamba anawalinda kuku dhidi ya kunguru na ndege wawindaji. Mwewe akitokea angani, kundi zima la mbayuwayu humvamia kwa kelele mpaka aondoke. Mwenye vifaranga uani hakuhitaji mlinzi mwingine.

Kisha waanzilishi wakaondolewa. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka kusini-mashariki, na mwaka huohuo Wachoctaw wakatia saini mkataba wa Dancing Rabbit Creek uliowanyang'anya ardhi yao ya Mississippi. Wachickasaw walifuata kuanzia 1837. Walisukumwa magharibi hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma, na wengi walifia njiani. Miti yao yenye vibuyu ilibaki mikononi mwa watu wengine. Ila desturi ilikuwa imeshaenea. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege, aliandika katika miaka ya 1830 kwamba karibu kila nyumba ya wageni ya mashambani ilikuwa na sanduku la mbayuwayu juu ya kibao chake, na kwamba kwa uzoefu wake, uzuri wa sanduku ulimdokezea msafiri uzuri wa nyumba yenyewe.

Vizazi vya ndege vikapita. Kinda aliyeanguliwa ndani ya kibuyu au sanduku alirudi mwakani akitafuta kibuyu au sanduku. Misitu ilikatwa, miti mikavu ikafyekwa, na polepole ndege huyu akaacha kutaga mitini. Leo, upande wote wa mashariki wa Milima ya Rocky, karibu mbayuwayu zambarau wote wanazaliana katika nyumba zilizowekwa na watu. Ni magharibi tu ambako bado wapo wanaotaga katika miti, na jangwani katika matundu ya mmea mkubwa wa miiba uitwao saguaro. Sijui mfano mwingine wa ndege wa porini, asiyefugwa wala kulishwa, aliyeikabidhi nyumba yake kwa binadamu kwa kiasi hiki.

Ulaya nayo ilikuwa na historia yake, lakini ilianzia jikoni. Huko Uholanzi na Flanders watu walitundika mitungi ya udongo kwenye kuta ili kwezi watage humo, kisha waliyachukua makinda na kuyala. Mtu wa kwanza kusifiwa kwa kuwawekea ndege makao bila kuwataka chunguni ni Charles Waterton, bwana wa Walton Hall huko Yorkshire. Kati ya 1821 na 1826 aliuzungushia uwanja wake ukuta wa karibu kilomita 5, akapiga marufuku bunduki ndani yake, na baadaye akajenga ukuta wenye matundu kwa ajili ya mbayuwayu wa mchangani. Majirani walimwona kichaa.

Mjerumani mmoja alilichukua jambo hili kwa namna nyingine. Baroni Hans von Berlepsch wa Seebach, Thuringia, alipasua magogo yenye matundu ya vigong'ota ili ayaone kwa ndani. Aligundua kwamba karibu yote yana umbo moja, mlango wa mviringo na chumba kinachopanuka kisha kuchongoka chini kama chupa. Akaamuru magogo yachongwe kwa umbo hilo, akayatundika kwa mamia katika msitu wake. Majira ya kuchipua ya 1905 viwavi wa nondo mdogo wa mwaloni waliushambulia msitu wa Hainich, karibu na Eisenach, wakaacha miti bila majani. Msitu wa Seebach ulibaki kijani. Habari hiyo iliandikwa, ikatafsiriwa, na serikali kadhaa za Ulaya zikaanza kuwaona ndege wa matunduni kuwa watumishi wa misitu.

Lakini wakati Ujerumani inachonga magogo, Marekani ilikuwa imekwisha kufanya makosa mawili yaliyobadilisha kila kitu.

Kosa la kwanza lilifanyika Brooklyn. Viwavi walikuwa wakila majani ya miti ya mitaani, na watu waliokulia Ulaya walikumbuka shomoro wa kwao. Shomoro wa majumbani wakaagizwa kwa meli kutoka Uingereza, na mwaka 1851 wa kwanza wakaachiwa huru. Wengine waliletwa mwaka uliofuata, kisha miji mingine ikaiga. Kosa la pili ni la Eugene Schieffelin, tajiri wa New York, aliyewaachia kwezi wa Ulaya 60 katika bustani ya Central Park mwaka 1890 na wengine 40 mwaka 1891. Kufikia miaka ya 1950 kwezi walikuwa wameshafika pwani ya Pasifiki. Katika muongo huohuo wa Schieffelin, kunguru wa India waliletwa Zanzibar kwa matumaini kwamba watasafisha takataka. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa kilichofuata.

Shomoro na kwezi hutaga matunduni. Hawahami majira ya baridi, kwa hiyo ndege wahamaji wanaporudi kutoka kusini hukuta vyumba vimeshajaa. Kwezi ni mkubwa na mwenye nguvu, humtoa mwenzake kwa mabavu. Shomoro ni mdogo lakini ni katili zaidi. Humfuata mama ndani ya sanduku ambalo mlango wake ni mmoja tu, humdonoa kichwani mpaka afe, hutoboa mayai, hutupa makinda nje, na mara nyingine hujenga kiota chake juu ya maiti. Yeye mwenyewe hana hatia. Anafanya kile kilichomsaidia kuishi kwao. Hatia ni ya waliomleta.

Aliyeumia zaidi alikuwa ndege buluu wa mashariki, kipenzi cha wakulima wa Marekani. Dume ana mgongo wa buluu safi na kifua cha rangi ya udongo mwekundu. Sauti yake ni ya chini na tamu, na kusikika kwake uani kulikuwa habari ya kwamba baridi imekwisha. Alitaga katika matundu ya mitufaa mizee na katika nguzo za mbao zilizooza kwenye nyua za mashamba. Baridi kali ya mwaka 1895 iliwaua wengi kusini walikokuwa wamekimbilia, na walipojaribu kujazana tena, shomoro alikuwa kila mahali na kwezi anakuja. Mitufaa mizee ikang'olewa, nguzo za chuma zikachukua nafasi ya za mbao, na baadaye sumu za wadudu zikamwagwa mashambani kwa eropleni. Kufikia katikati ya karne ya 20 kulikuwa na watoto wa Marekani waliomjua ndege buluu kwa kadi za salamu tu.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu ndiye shujaa wa historia hii. T. E. Musselman aliishi Quincy, Illinois, juu ya kingo za Mississippi uleule wa Wilson. Kazi yake ilikuwa katika chuo cha biashara, na mapenzi yake yalikuwa ndege. Watu wengi kabla yake walitundika sanduku moja uani na kusubiri. Musselman aliyapanga masanduku yake juu ya nguzo za nyua kando ya barabara za mashambani, moja baada ya jingine kwa nafasi, ili mtu mmoja mwenye gari aweze kuyapitia yote katika mzunguko mmoja. Mwaka 1934 alieleza mpango huo katika jarida la Bird-Lore, na njia hizo za masanduku zikaanza kuigwa jimbo kwa jimbo.

Ubora wa mpango wa Musselman ulikuwa katika mzunguko wenyewe. Sanduku lake lilikuwa na kifuniko kinachofunguka. Alikuja, akafungua, akaangalia, akaandika, akasafisha, akaenda la pili. Historia za uhifadhi hupenda kuhesabu masanduku yaliyotundikwa, kwa kuwa hesabu hiyo ni rahisi na inapendeza. Mimi nasema ndege buluu aliokolewa na yale yaliyofunguliwa.

Kazi hiyo ina utaratibu uliojengwa kwa miaka mingi na watu wasiolipwa. Mlango unatobolewa kwa kipenyo cha sentimita 3.8, ambacho ndege buluu hupita na kwezi hawezi. Kijiti cha kutulia mbele ya mlango hakiwekwi kamwe. Ndege buluu hakihitaji, na shomoro hukifurahia. Sakafu inatobolewa ili maji yatoke, na juu ya kuta panaachwa nafasi ya hewa, maana sanduku la mbao juani huwa tanuri. Linafungwa kwenye nguzo laini ya chuma, urefu wa kifua au kichwa cha mtu, na chini yake panawekwa koni au bomba pana la bati ili nyoka na rakuni, mnyama mjanja wa usiku mwenye vidole kama vya mtoto, wasipande. Watu waliopuuza bati hilo waliwapa rakuni ghala la mayai. Rakuni mmoja akishajifunza kwamba sanduku lina chakula, huyapitia yote ya barabara ile usiku baada ya usiku.

Halafu kuna ukaguzi wa kila wiki. Jike hutaga yai moja kila siku mpaka yatimie manne au matano, ya buluu hafifu, kisha huyaatamia kwa takriban wiki mbili. Mwangalizi hugonga sanduku kidogo kwanza ili mama atoke kwa hiari. Anahesabu mayai. Wiki inayofuata anahesabu makinda, anainua kiota kwa vidole na kutazama chini yake, kwa sababu kuna mabuu ya nzi wanaojificha mchana katika nyasi za kiota na kunyonya damu ya makinda usiku. Wakiwa wengi, anakibadilisha kiota kizima kwa nyasi kavu safi zilizofinyangwa kwa umbo lilelile. Hadithi kwamba mama atayakimbia makinda yaliyoguswa na binadamu haina ukweli. Mama anarudi na kiwavi mdomoni kabla mtu hajafika kwenye gari lake.

Tarehe moja lazima iheshimiwe. Makinda yakishafikisha siku kama 13, sanduku halifunguliwi tena, kwa kuwa yanaweza kushtuka na kuruka nje kabla ya mbawa kukomaa. Yakisharuka yenyewe, katika siku ya 17 hadi ya 20, kiota kikuukuu kinatolewa na kutupwa mbali, chumba kinakwanguliwa, na mara nyingi mama anaanza kujenga upya wiki hiyohiyo. Kwa msimu mmoja anaweza kulea mara mbili, na kusini mara tatu.

Sehemu ngumu ni shomoro. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wahamaji inakataza kuharibu kiota cha ndege wa asili chenye mayai au makinda bila kibali, lakini shomoro wa majumbani na kwezi, kwa kuwa waliletwa, hawamo katika ulinzi huo. Kiota cha shomoro ni rahisi kukitambua, rundo la majani makavu, manyoya na makaratasi hadi karibu na dari. Mwangalizi hukitoa, shomoro hujenga tena, mwangalizi hurudi. Wapo walioshindwa moyoni, wakaacha shomoro watage, na kila mmoja wao aliongeza maadui wa ndege aliyekusudia kumsaidia. Sioni njia ya kulainisha jambo hili. Sanduku linalolea shomoro ni bora literemshwe.

Musselman alipokuwa mzee, kazi ikabebwa na Lawrence Zeleny, mwanakemia aliyestaafu kutoka Wizara ya Kilimo. Zeleny alizaliwa mwaka 1904, akaanza kuwatundikia ndege buluu masanduku akiwa kijana huko Minnesota, na uzeeni aliishi Maryland ambako aliangalia njia yake mwenyewe ya masanduku. Alikadiria kwamba katika uhai wake idadi ya ndege buluu wa mashariki ilikuwa imeshuka kwa asilimia 90 hivi. Mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya ndege huyo na jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kumsaidia. Mwaka 1977 makala yake ikatoka katika National Geographic. Mwaka 1978 chama cha ndege buluu cha Amerika Kaskazini kikaanzishwa naye akiwa kiini chake. Kule Kanada, Brandon katika jimbo la Manitoba, klabu ya watoto wapenda ndege ilikuwa imeanza kutundika masanduku mwaka 1959, na njia yao ikarefuka hadi kuungana na za jimbo jirani la Saskatchewan. Hesabu ya ndege ifanywayo Amerika Kaskazini kila mwaka tangu 1966 inaonyesha kwamba ndege buluu wa mashariki amekuwa akiongezeka. Wastaafu, wakulima na watoto wa shule ndio waliolifanya hilo, wakiwa na bisibisi na daftari.

Mbayuwayu zambarau alipitia njia yenye kelele zaidi. Mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwa Musselman, katika mji mdogo wa Griggsville, aliishi J. L. Wade, mwenye kiwanda cha antena za televisheni. Mji ulisumbuliwa na mbu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wade alianza kutengeneza nyumba za mbayuwayu kwa aluminiamu. Nyumba zikapangwa katika mtaa mkuu, mnara wenye vyumba zaidi ya 500 ukasimamishwa, na Griggsville ukajiita makao makuu ya mbayuwayu zambarau wa taifa. Tangazo lililouza nyumba hizo lilisema mbayuwayu mmoja hula mbu 2,000 kwa siku.

Halikuwa kweli. Mwaka 1968 mtaalamu wa ndege Herbert Kale alichapisha uchunguzi wake katika jarida la The Auk akionyesha kwamba dai hilo halina msingi. Mbayuwayu zambarau hula mchana na juu angani, ambako hukamata kerengende, mbawakawa, nzi na vipepeo. Mbu wengi huruka chini, wakati wa magharibi na usiku, mbayuwayu akiwa ameshalala. Pamoja na hayo Wade hastahili kutupwa. Nyumba zake zilikuwa nyepesi, zilidumu, na baadhi zilishushwa na kupandishwa kwenye mlingoti bila ngazi. Watu wengi sana walianza kumjali ndege huyu kwa sababu yake.

Tatizo ni kwamba aliyenunua nyumba ili aondolewe mbu hakuona haja ya kuishusha. Aliisimika, akaiacha. Kote mashariki mwa Marekani zikazagaa nyumba nyeupe zenye shomoro tupu. Kisha Juni 1972 ikaja dhoruba ya Agnes. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo Pennsylvania na New York, wadudu hawakuruka, na mbayuwayu wakafa kwa njaa ndani ya nyumba zao, wazazi pamoja na makinda. Mahali pengi ambapo kundi lilikufa lote, shomoro na kwezi waliichukua nyumba, na hakuna mtu aliyewatoa. Ilichukua miaka mingi ndege kurudi, na kwingine hawakurudi.

Mwaka 1987 James Hill alianzisha chama cha kuhifadhi mbayuwayu zambarau huko Pennsylvania. Chama hicho kiliwasisitizia wenye nyumba mambo ambayo Musselman aliyajua. Nyumba ifungwe kwa kamba na kapi, ishushwe kila wiki, kila chumba kiwe na namba, mayai na makinda viandikwe. Vyumba vilipanuliwa, kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa vidogo mno na bundi aliweza kuwafikia makinda kwa kucha. Milango ya nusu mwezi, yenye kimo cha sentimita 3, ikabuniwa ili mbayuwayu aingie kwa kujilaza na kwezi abaki nje. Na vibuyu vikarudi. Kibuyu kina chumba kirefu, kinayumba kwa upepo kiasi cha kuwakera kwezi, na kila jozi ya ndege ina mlango wake mbali na wa jirani. Leo utaona milingoti yenye mikono ya chuma na vibuyu kadhaa vilivyopakwa rangi nyeupe ili kupunguza joto, vingine vya asili, vingine vya plastiki. Ni mti wa Wachoctaw, umewekewa kapi.

Mwaka 2009 Bridget Stutchbury wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, na wenzake walieleza katika jarida la Science matokeo ya kuwavisha mbayuwayu hawa vifaa vidogo vya kupima mwanga, ambavyo humwezesha mtafiti kujua ndege alipita wapi. Jike mmoja aliondoka bonde la Amazon huko Brazil akarudi kwenye kundi lake Pennsylvania kwa siku 13 tu, safari ya takriban kilomita 7,500. Alirudi kwenye milingoti ileile aliyoiacha mwaka uliotangulia. Mtu aliyeng'oa mlingoti wakati wa baridi kwa kuwa umemchosha, au mrithi aliyeuza nyumba ya baba yake bila kumwambia mnunuzi kile kilichoko uani, hajui amemfanya nini ndege aliyekuja kutoka umbali huo.

Na hapa pana wasiwasi wa kweli. Ndege buluu, akikosa sanduku, bado ana matundu ya miti ya kuyahangaikia. Mbayuwayu zambarau wa mashariki hana pa kwenda. Maisha yake yamo mikononi mwa watu binafsi, wengi wao wazee, wanaoshusha vibuyu kila wiki kuanzia majira ya kuchipua hadi Julai.

Wasomaji wetu walioko Amerika Kaskazini, kuanzia Houston hadi Columbus na Toronto, wanaishi ndani ya nchi ya ndege hawa. Anayekaa Texas atawaona wa kwanza tangu mwishoni mwa Januari. Kaskazini hufika mwezi Aprili. Kama una uwanja wazi, mita 12 au zaidi kutoka kwenye miti mirefu, simika mlingoti wa mita 4 wenye kamba na kapi, fungia bati chini yake, tundika vibuyu vyeupe, na ushushe kila wiki kuangalia. Kama uwanja wako ni mdogo lakini umepakana na shamba au mbuga, sanduku moja la ndege buluu linatosha. Kama huna nafasi ya kulifungua kila wiki, usilitundike. Mtafute mzee wa mtaani kwako mwenye vibuyu, umshikie kamba.